Mashine Ilisema Haiko

Mama Onema alikuwa mtu wa kupanga vitu. Nyumbani kwake Alunguli vijiko vililala vyote upande mmoja, vitenge vilikunjwa kwa kufuata rangi, na majirani walimtania kwamba hata kuku wake hutaga kwa zamu. Alicheka nao, kisha akaenda kunyoosha kamba ya kuanikia nguo. Kwa zaidi ya miaka ishirini alikuwa mwandishi wa barua na mafaili katika kampuni moja ya mpunga mjini Kindu, ng'ambo ya mto. Kila asubuhi alivuka kwa mtumbwi viatu vikiwa mkononi, akavivaa alipofika mahali pakavu, akapanda polepole mpaka ofisini.

Kazi yake ilikuwa ukutani. Seremala alikuwa amegongomea pale kabati la vijumba mia mbili, kila kijumba na kibandiko chenye jina la mfanyakazi. Barua za wafanyakazi zilikuja kwa sanduku la posta la kampuni, maana ni nani Kindu aliyekuwa na sanduku lake mwenyewe? Mama Onema alisoma jina juu ya bahasha, akatafuta kibandiko, akatia. Mtu akija akataja jina lake, mkono wa mama ulifika kwenye kijumba kabla ya macho.

Barua za wengine alizishika kwa maelfu. Ile aliyoitaka yeye haikuja. Mdogo wake, Anaclet, alikimbia Kindu katika vita vya mwaka sitini na nne akiwa na miaka kumi na sita, akafuata watu waliokuwa wakielekea mashariki, upande wa ziwa Tanganyika. Mama yao alikuwa amefariki zamani, kwa hiyo Onema ndiye aliyembeba mgongoni, akamfundisha kushika kalamu, akamkemea alipoiba karanga. Mwaka sabini ikaja karatasi moja: "Dada, niko hai. Bado nazunguka. Nikipata mahali pa kukaa nitakuandikia anwani." Basi. Ikawa kimya, mwaka baada ya mwaka. Karatasi ile aliitia katika nailoni, akaificha chini ya vitenge vya bluu, na kila alipoitoa hakuisoma, kwa kuwa aliijua. Aliishika tu.

Alimkumbuka zaidi wakati wa kula. Anaclet alipenda ukoko wa wali kupita wali wenyewe, na mpaka sasa Mama Onema akikwangua sufuria huuweka ukoko kando kwenye kisahani, halafu hukumbuka kwamba hakuna wa kuula. Alikuwa na miaka arobaini na tisa. Watu wa umri wake walikuwa wamezoea kukosa watu, lakini yeye hakuzoea, na hakuona aibu kusema hivyo.

Mwaka themanini na saba wakubwa wa Kinshasa walituma ordinateri, yaani kompyuta. Ilishuka na ndege ndani ya sanduku kubwa, pamoja na kijana mmoja aitwaye Kasimu wa kufundisha kuitumia. Kasimu alikuwa mtoto wa Kindu, wa zile familia za karibu na msikiti, aliyesomea Lubumbashi akarudi na miwani. Direkteri alijifunga vizuri abakosi yake, koti la wakubwa lisilo na tai, akamwita raia kwa Kifaransa kama serikali ilivyoagiza: "Sitwayeni Onema, fishi zote, zile kadi za majina, zitaingia humu ndani. Wewe njo utajifunza, si mwingine."

"Mimi?" akauliza Mama Onema.

"Nani mwingine anajua majina?"

Jenereta ilinguruma kwa muda wa saa mbili tu kila asubuhi, kwa sababu ya mafuta. Kasimu alimweka mama mbele ya kioo cha mashine, akavuta kiti.

"Mama, usiogope. Haiko na meno."

"Sijasema ninaogopa. Anza."

Kijana alikuwa ameandika programu fupi, tena kwa Kiswahili, ili mama asihangaike na Kifaransa cha kitabu. "Hii tunaita diksioneri, kamusi," akaeleza. "Njo sawa na kabati yako ya ukutani. Jina ya inje njo funguo. Kitu yenye iko ndani njo mali. Unaipa mashini funguo, inakupa mali."

Mama Onema akatazama kabati lake, akatazama kioo. "Basi kwa nini walinunua mashini? Wangeniuliza mimi."

Kasimu alicheka, akamwambia ajaribu mwenyewe. Hapo ndipo tabia ya mama ilipoonekana. Kuna watu wa kuambiwa na watu wa kugusa, na yeye alikuwa wa kugusa. Alipokuwa msichana aliunguza vidole ili kuhakikisha kwamba chungu kilikuwa cha moto kweli. Akapiga herufi moja moja kwa kidole kimoja. Akaweka funguo KIBERITI, na ndani akaandika JIKONI. Akauliza KIBERITI. Kioo kikajibu: JIKONI.

"Eeh!" akasema, kana kwamba mtu alikuwa amemkabidhi kiberiti chenyewe.

Akaweka KIBERITI tena, safari hii ndani akatia MFUKO WA KOTI. Akauliza. MFUKO WA KOTI, ikajibu mashine. Akangoja.

"Na ile ya jikoni?"

"Imekufa, mama."

"Imekufa namna gani? Nimeiweka sasa hivi na mikono yangu!"

"Funguo moja, mali moja. Ukitia mpya, ya zamani inatoka. Haikuulizi."

"Haiko na adabu," akasema Mama Onema, akakasirika kwelikweli. Katika kabati lake barua mbili za mtu mmoja zilikaa pamoja kwa amani. Akamtaka Kasimu amwonyeshe mahali ambapo mashine iliamriwa kuweka, na kijana, akicheka bado, akamfungulia mistari ya programu. Asubuhi nne mama alipambana na mstari mmoja. Alikosea, mashine ikakataa. Akabadili, ikakubali lakini ikaweka kila kitu mara mbili. Akafuta, akaanza upya. Siku ya tano akaweka KIBERITI juu ya KIBERITI, na kioo kikauliza: IKO NA KITU NDANI. NITOE? Mama Onema akapiga HAPANA, akanyoosha mgongo kitini. Tangu siku ile Kasimu aliacha kucheka, akaanza kumletea karanga.

Siku mafuta yalipokosekana alijifunza nyumbani kwa makasha ya viberiti, jina juu, karatasi ndani. Aligundua kwamba funguo mbili zaweza kufungua mali moja: fundi wa jenereta alikaa chini ya jina lake na chini ya kazi yake, na mashine haikuona ubaya. Akagundua pia lile jibu lililomtia baridi. Ukitaja funguo isiyowekwa, kioo kinasema neno moja: HAIKO.

Asubuhi moja Kasimu alitoka kwenda kubishana na watu wa jenereta. Mama Onema akabaki peke yake na kioo. Alikuwa ameingiza wafanyakazi mia na sitini wakati huo, na vidole vilikuwa vimezoea. Bila kufikiri sana akaandika ANACLET.

HAIKO.

Alijua. Hakuwa mjinga, nani angemtia humo? Lakini kuliona neno lile limeandikwa kwa mwanga, wazi, bila hata kusita, kulimuumiza. Machozi yakamtoka akiwa amekaa wima vilevile, mikono juu ya herufi. Kasimu akamkuta hivyo. Akasoma kioo, akaketi.

"Anaclet njo nani, mama?"

Akamweleza. Vita, ziwa, karatasi moja katika nailoni. Kijana alisikiliza mpaka mwisho, akatoa miwani akaifuta kwa shati.

"Mama, mashini haikusema muntu haiko. Imesema tu: kwa funguo hii, sina kitu. Uliza yenyewe. Wewe uko humu ndani?"

"Nilijiweka siku ya kwanza."

"Jiulize."

Akaandika ONEMA. Kioo kikamleta mzima: mwandishi wa barua, Alunguli, kijumba namba tisini na moja. Mama akaangalia jina lile kwa muda. Halafu, sijui ni nini kilimsukuma, akatazama mlango kwanza, kisha akaandika jina alilokuwa hajaliandika wala kulitaja kwa sauti kwa miaka kumi na mitano. SCHOLASTIQUE.

HAIKO.

Mwenye jina alikuwa amekaa palepale mbele ya kioo, na damu yake, na viatu vyake miguuni, na mashine ikasema haiko. Mama Onema akaweka mkono kifuani.

"Kasimu," akasema. "Yeye anajua ile tu."

"Nani?"

"Mudogo wangu. Yeye anajua Scholastique. Onema hajaisikia hata siku moja."

Wakati ule wa kubadili majina, mwaka sabini na mbili, amri ya serikali ilikuwa wazi: kila raia aache jina la ubatizo, achukue la mababu. Scholastique akachukua jina la babu yake, Onema. Kampuni ikamwambia abadili vibandiko. Na kwa vile alikuwa mtu wa kupanga, hakubandika vipya juu ya vya zamani kama ambavyo mtu mvivu angefanya. Alibandua vyote mia mbili, akakwangua gundi kwa wembe, akaandika vipya kwa mwandiko mzuri, akatengeneza na orodha mpya safi. Orodha ya zamani akaitia motoni, kwa woga kidogo, na kwa usafi zaidi. Direkteri wa wakati ule alimsifu mbele ya watu. Barua zenye majina yasiyo kwenye orodha, akaagiza, zirudi zilikotoka.

Mwaka uliofuata Mama Onema alipelekwa Kalima kusimamia ghala la kampuni. Alikaa huko miaka miwili. Nafasi yake ilishikwa na kijana mgeni kutoka Kampene, Kalume, ambaye hakumjua mtu Kindu wala jina la zamani la mtu yeyote. Alichokuwa nacho ni orodha ile safi. Mama aliporudi, jambo la kwanza kumuuliza lilikuwa: "Kalume, hakuna barua ya Onema?" Naye akajibu ukweli mtupu: "Hapana, mama. Hata moja."

Kalume bado alikuwa pale pale kampuni, sasa baba wa watoto saba, akipima magunia kwenye kinu. Mama Onema alikwenda kwake mchana uleule. Kinu kilipiga kelele, ikabidi watoke nje, wasimame penye pumba.

"Kalume, ile miaka nilikuwa Kalima. Kulikuja barua ya muntu anaitwa Scholastique?"

Kalume alikung'uta pumba mikononi. Sura yake ikabadilika, na mama akajua kabla hajafungua kinywa.

"Tatu," akasema. "Timbri za posta ya Tanzania. Ya tatu ilikuwa nzito. Ninazikumbuka kwa sababu zilitoka Ujiji, na bibi yangu alikuwa anatuambia wazee wake walitokea Ujiji. Nilitafuta kwa orodha, haikuwa. Nikaandika 'hajulikani' na wino nyekundu, nikapiga kachet, muhuri ya kampuni."

"Hukuuliza watu?"

"Mama, ile wakati unasimama katikati ya watu, unaita jina ya ubatizo kwa sauti? Nilikuwa mugeni." Akamtazama usoni. "Ile Scholastique njo nani?"

"Njo mimi."

Kalume akaweka mikono kichwani. Alianza kuomba msamaha, lakini mama akamshika mkono, akamwambia anyamaze. Orodha ilikuwa ya nani? Nani aliyekwangua gundi kwa wembe? Yeye mwenyewe, kabla ya kwenda Kalima, alikuwa amerudisha barua kumi na moja za watu wengine, kwa wino uleule mwekundu, na akaenda kula chakula chake cha mchana. Alirudi ofisini akitembea polepole. Kilichomkata zaidi hakikuwa barua kupotea. Ilikuwa kumfikiria Anaclet akipokea bahasha yake mwenyewe mara tatu, na lile neno jekundu juu yake. Miaka yote hii alidhani ndiye anayemlilia mdogo wake. Kumbe kule ng'ambo mdogo wake alikuwa akimlilia yeye.

Kesho yake, jenereta ilipowaka, aliongeza kamusi ya pili pembeni mwa ile ya kwanza. Humo funguo ilikuwa jina la zamani, na mali yake ilikuwa jina jipya. Ukikosa mtu huku, mashine inatafuta kule, kisha inarudi na jina la sasa na kumfungua. Hiyo haikuwa kwenye kitabu cha Kasimu. Aliifanya kwa siku tisa, kwa kukosea, akianza na jina lake, halafu majina yale kumi na moja ambayo hakuyasahau.

"Mama," Kasimu akanong'ona, "majina ya vile kwa mashini ya kampuni?"

"Hayatoki kwa karatasi. Yako ndani tu, yanangoja."

Barua ya Anaclet aliiandika mara sita. Mwisho ikawa fupi: niko hai, waliniita jina lingine, andika Onema. Akatia sahihi Scholastique. Mjomba wake Kasimu, mzee Bulaimu, alikuwa mfanyabiashara wa vitenge aliyekuwa akipita Kabambare mpaka Kalemie na kuvuka ziwa. Akaichukua, akaahidi kuuliza Ujiji nyumba kwa nyumba kama itabidi.

Miezi mitano mama alingoja. Watu wanasema kungoja ni kukaa, waongo hao. Alipungua mwili, alichoma mboga ya sombe mara mbili, akapanga upya kabati la vitenge ambalo halikuwa na kosa lolote.

Bulaimu alirudi mwanzo wa mvua. Alikuja mwenyewe ofisini, na kanzu yake yenye vumbi, akatoa bahasha.

"Nilipata nyumba," akasema. "Mwenye nyumba alikuwa safarini, mimi sikuweza kungoja. Hii ni ya mutoto."

Mwandiko ulikuwa wa shule, wa kubonyeza sana kalamu. Mama Onema aliusoma amesimama.

"Shikamoo. Mimi naitwa Scholastique Anaclet, nasoma darasa la tano. Mzee ameleta barua yako wakati Baba yuko Tabora kwa kazi ya reli. Atarudi baada ya wiki tatu, kwa hiyo nimeifungua mimi, usikasirike. Baba alituambia dada yake wa Kindu alikufa. Barua zake zilirudi mara tatu, ndipo akaweka matanga, watu wakaja wakala wali, na mimi nilipozaliwa nikapewa jina lako. Lakini Baba haniiti jina. Ananiita Dada. Wali ukipikwa, ukoko ananiwekea mimi, anasema, Dada, mimi nilikuwa nakunyima, leo kula. Sasa sijui nimwambieje. Kama wewe u hai, je, nirudishe jina?"

Mama Onema akaketi. Kasimu na Bulaimu wakatoka nje bila kuambiwa. Alilia kwa sauti, jambo ambalo ofisi ile haikuwahi kuliona, na vijumba mia mbili vikiwa wazi mbele yake. Funguo yake ilikuwa imetiwa mali mpya, mtoto wa darasa la tano, na hakuna aliyeuliza kama ndani mlikuwa na mtu.

Alipokwisha kulia, alivuta karatasi na kujibu siku ileile, ili Bulaimu aikabidhi kwa msafiri wa kwanza.

"Mwanangu, usirudishe kitu. Jina ni lako, limekaa vizuri, na lisiguswe. Mimi niite shangazi. Baba yako mwambie polepole, akiwa ameketi, akiwa ameshiba. Na ukoko uendelee kuula, mimi nilikuwa siupendi sana."

Akasoma mstari wa mwisho, akaona ni uongo, akaufuta. Akaandika: "Na ukoko uendelee kuula. Huku kwangu nimemwekea baba yako wake."